Kioo cha mwisho: Ansel Adams mbele ya Half Dome, 1927

Vilibaki vioo viwili vya kupigia picha, vile vilivyopakwa dawa inayoshika mwanga. Asubuhi vilikuwa kumi na viwili, lakini kumi vilikwisha njiani, na kati ya hivyo kumi kuna vilivyokwenda na maji. Kijana wa miaka 25, aliyesomea piano na anayepiga picha kwa mapenzi tu, amefika kwenye ubao wa mwamba unaoitwa Diving Board. Bonde la Yosemite, California, liko chini yake, futi 3,500 hivi. Ni Aprili, theluji haijayeyuka, na ukuta wa Half Dome, mlima wa jiwe aliouendea, bado umelala kivulini.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi na kila msimuliaji hukimbilia filta nyekundu, yaani kipande cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi, kwa sababu ndiyo iliyozaa picha maarufu ya *Monolith, the Face of Half Dome*. Mimi nataka kukaa zaidi kwenye kioo cha kabla yake, kile cha filta ya manjano. Ansel Adams alikuwa ameshapata picha nzuri, yenye kipimo sahihi cha mwanga, na akaona haimtoshi. Nikikiangalia kisa hiki kwa jicho la mtu anayebeba kamera ya mbao mabegani, naona hapo ndipo penye uzito wote.

Mzigo

Tarehe 10 Aprili 1927 Adams aliondoka bondeni pamoja na mchumba wake Virginia Best, rafiki yake Cedric Wright, ambaye alikuwa mpiga fidla, na wenzao wengine wawili. Walipanda kwa LeConte Gully, korongo la mawe na theluji ambalo ukiliona hutaliita njia. Mgongoni alibeba kilo 18 au zaidi: kamera ya Korona ya inchi 6½ kwa 8½, lenzi mbili, filta mbili, tripodi nzito ya mbao, na vile vioo kumi na viwili vya Wratten Panchromatic.

Kwa asiyewahi kuiona, kamera ya namna hii ni sanduku la mbao lililokatwa katikati na kuungwa kwa mvukuto unaokunjuka kama wa kodiani. Mbele iko lenzi. Nyuma kuna kioo chenye ukungu, kama cha dirisha la bafu. Unajifunika kitambaa cheusi, unainama, na ndani ya giza lile unauona mlima umesimama kwa kichwa, kushoto kumekuwa kulia. Unasogeza mvukuto hadi mlima ukae wazi. Kisha unafunga shata, kile kizuizi cha mwanga cha lenzi, unachomeka kasha lenye kioo kilichopakwa dawa, unachomoa kifuniko chake, unapiga, unarudisha kifuniko. Picha moja. Ukitaka nyingine, anza upya, na kama kasha hujabadilisha, umepiga picha mbili juu ya kioo kimoja. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa nini mtu ajitese hivyo? Picha za mkusanyo aliokuwa akiutayarisha Adams mwaka ule zilisafishwa kwa kuulaza uso wa negativu, yaani kioo kilichokwisha kupigwa na kusafishwa, juu ya karatasi, bila kukuza. Ukubwa wa kioo ndio ukubwa wa picha. Faida yake ni kwamba kila ufa wa jiwe unaonekana, na rangi ya kijivu inateleza kutoka nyeusi hadi nyeupe bila kukwaruza. Hata leo, mtu akiona picha iliyotoka kwenye negativu kubwa, huisogelea badala ya kurudi nyuma.

Njiani Adams alipiga kila kilichomvutia. Kimoja katika vioo hivyo alikitumia kwenye Mount Galen Clark, na jua likaingia kwenye lenzi likachoma ubavu mmoja wa picha. Hesabu ya vioo kumi kabla ya kufika ulikokusudia si hesabu ya mtu makini. Ni hesabu ya mtu mwenye njaa. Lakini siilaumu, na baadaye nitasema kwa nini.

Taa nyekundu ya mjomba

Hapa inabidi nipite pembeni kidogo, maana bila jambo hili kisa hakieleweki.

Mjomba wangu alikuwa na studio mjini, enzi za picha za pasipoti zilizosafishwa kwa mkono. Chumba chake cha giza hakikuwa na giza kamili. Juu ya beseni la dawa ilining'inia balbu nyekundu, na chini yake karatasi nyeupe ilielea hadi uso wa mtu ulipoibuka taratibu, macho kwanza, kisha nywele. Nilimuuliza, "Mjomba, mbona taa hii haiunguzi karatasi?" Akanijibu, "Mjomba, karatasi hii ni kipofu wa wekundu. Kwake hapa ni usiku."

Vioo na mikanda ya zamani ilikuwa na upofu huohuo. Iliona bluu vizuri sana, ikaona kijani kiasi, nyekundu haikuiona kabisa. Ndiyo maana mbingu za picha nyingi za karne ya 19 ni nyeupe kama shuka: bluu ya anga iliiunguza negativu hadi mawingu yakapotea. Vioo vya pankromatiki vilipoingia sokoni vilileta jicho linaloona rangi zote, na kwa sababu hiyo taa ya mjomba ingeviharibu papo hapo. Huvisafisha gizani kabisa, kwa kupapasa.

Sasa tazama maana yake kwa mtu aliye mlimani. Kwenye kioo kipofu, filta nyekundu ni sawa na kufunika lenzi kwa kiganja. Kwenye kioo cha pankromatiki, filta hiyohiyo inakuwa chombo cha kuchagua: pitisha wekundu, zuia bluu. Picha ya Adams ingekuwa muhali kwa kamera ileile, mlima uleule na mkono uleule, kama kwenye makasha yake kungekuwa na vioo vya aina ya zamani. Hili husahaulika watu wanapozungumzia kipaji.

Kioo cha kumi na moja

Walifika Diving Board kwenye adhuhuri na ukuta ulikuwa kivulini. Uso wa Half Dome umeelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi yote jua liko nyuma yake. Hakuna la kufanya ila kungoja. Mchana ukigeuka, jua linaanza kuulamba ukuta kwa ubavu, na kila kovu la jiwe linatupa kivuli chake. Wenyeji wa bonde lile, Ahwahneechee, wana hadithi ya mwanamke aitwaye Tis-sa-ack aliyegeuzwa kuwa mlima huu, na ile michirizi myeusi ukutani ni machozi yake. Kwa mwanga wa mbele machozi hayo ni madoa tu. Kwa mwanga wa ubavu, yanapata kina.

Mwanga ulipofika nusu ya ukuta, Adams alifunga filta ya manjano, K2, na kupiga.

Filta ya manjano ndiyo iliyokuwa desturi ya wapiga picha wa milima. Inapunguza bluu kidogo ili anga lisiungue, na picha inatoka karibu na jicho linavyoona: anga la kijivu cha kati, theluji nyeupe, jiwe la kijivu. Ukimpa mtalii, atasema ndiyo hiyo, ndivyo ilivyokuwa. Na Adams aliwajua watalii. Baba yake Virginia, Harry Best, alikuwa na duka bondeni lililouza picha na kumbukumbu kwa wageni, na kijana huyu alikuwa akiingia humo kupiga piano. Picha za Half Dome zinazofanana na Half Dome zilikuwepo tele.

Kifuniko kilipokwisha kurudi kwenye kasha, ndipo alipogundua kwamba alichokipiga sicho alichokuwa anakiona. Jiwe lile lilikuwa limemwelemea. Alilihisi kama umbo zito, la kutisha kidogo, linalosimama juu ya mtu. Kioo cha kumi na moja kingeonyesha mlima mzuri siku ya jua.

Ugunduzi wa namna hii kwa kawaida hutujia nyumbani, wiki moja baadaye, negativu ikiwa imeshakauka na mlima uko mbali. Unasema, laiti ningalifanya vile. Adams aliusema papo hapo, na kioo kimoja kilikuwa bado kipo. Ninaposema siilaumu ile hesabu ya vioo kumi, ninamaanisha hili: alikuwa amekosea asubuhi nzima, na makosa yale yalimnoa. Kipimo cha mwanga kilikuwa kichwani mwake, si kwenye mashine. Mtu aliyepanda na vioo viwili tu tangu bondeni angefika akiwa baridi, angepiga kwa manjano, angefunga mizigo na kushuka.

Sekunde tano

Filta ya pili ilikuwa Wratten namba 29, nyekundu iliyokoza. Nyekundu hii inazuia mwanga mwingi mno, kiasi kwamba unapaswa kuongeza muda mara 16. Vioo vyenyewe vilikuwa vizito wa kuona: ukivipima kwa ISO, mizani ya leo ya wepesi wa kuona mwanga, vingekuwa karibu na 12, wakati mkanda wa kawaida wa siku hizi una 100 au 400. Tundu la lenzi lilikuwa f/22, dogo, ili jiwe la mbali na theluji ya karibu vikae wazi pamoja. Jumla ya yote hayo ikatoka sekunde tano.

Sekunde tano juu ya genge ni muda mrefu. Mvukuto wa kamera kubwa ni tanga. Upepo mdogo unatosha kuutikisa, na mtikiso mmoja unageuza jiwe kuwa uji. Tripodi ikizama kwenye theluji hata unene wa kucha, umekwisha. Na huwezi kujua. Hakuna skrini ya kukuonyesha ulichopiga, hakuna cha kurudia. Unarudisha kifuniko, unashuka korongo lilelile na kioo chembamba mgongoni, na jibu utalipata gizani usiku.

Jibu lilipatikana, na ni hili. Anga limekuwa karibu jeusi. Theluji iliyopigwa na jua imebaki nyeupe, maana nyeupe ina wekundu ndani yake kama ilivyo na rangi nyingine. Hadi hapo kila kitabu cha mafunzo kinaeleza. Kinachotajwa kwa nadra ni kivuli. Mahali ambapo jua halifiki, mwanga unatoka wapi? Unatoka angani, na anga ni bluu. Kwa hiyo filta inayozima anga inazima pia vivuli vinavyoangazwa na anga hilo. Upande wa ukuta ulio kivulini ulishuka pamoja na mbingu, na ule ulioguswa na jua ukabaki peke yake ukiwaka. Uzito wa picha ile umetoka hapo zaidi kuliko kwenye mbingu yenyewe. Kama anga lingekuwa jeusi na vivuli vikabaki kijivu, picha ingeonekana kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Je, alidanganya?

Swali hili huulizwa kila mahali picha hii inapoonyeshwa. Anga la saa nane mchana si jeusi.

Jibu langu ni kwamba hata kioo cha kumi na moja kilidanganya. Dunia ina rangi; picha hizi hazina. Mara tu ulipokubali kuuona mlima kwa kijivu, kuna mtu au kitu kimeamua bluu iwe kijivu gani: ama kiwanda cha dawa, ama filta, ama wewe. Wapiga picha wengi wa wakati ule waliotaka kuitwa wasanii waliifanya picha ifanane na mchoro, kwa lenzi za ukungu na kwa kuichezea kwenye chumba cha giza. Adams hakugusa chochote kwenye jiwe. Kila ufa uko pale ulipo. Alichochagua ni sauti ya kulisemea.

Ila kuna jambo moja kwenye masimulizi ya kisa hiki linalohitaji kupunguzwa makali. Tunakijua kutoka kwa Adams mwenyewe, aliyekieleza baadaye sana, alipokuwa mwalimu mwenye istilahi zake. Neno lake lilikuwa "kuiona picha" kabla ya kupiga: uione imeshasafishwa, iko ukutani, kisha urudi nyuma kutafuta mwanga na muda wa kuifikia. Mwaka 1927 mfumo wa kufanya hivyo kwa vipimo haukuwepo. Kundi la wapiga picha la f/64, lililotetea picha kali na wazi, lilianzishwa mwaka 1932. Mfumo wa Zone, yaani ule wa vipimo, aliousanifu pamoja na Fred Archer, ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1930. Siku ile alikuwa na hisia na filta mbili.

Ushahidi uko kwenye picha zenyewe. Alipoisafisha mara ya kwanza aliitoa ndogo, kwenye karatasi isiyong'aa, laini, kama iliyochorwa kwa makaa. Ile *Monolith* inayotawala kuta za makumbusho, kubwa, yenye mng'ao na mbingu kama lami, aliisafisha miaka mingi baadaye kutoka kioo kilekile. Alizoea kusema kwamba negativu ni kama maandishi ya muziki na picha iliyosafishwa ni kama kuupiga. Basi upigaji wa kwanza ulikuwa wa kijana mwenye adabu, na ule wa baadaye ni wa mzee aliyejua anataka nini. Kioo kilibeba vyote viwili. Kusema kwamba aliiona picha yote siku ile, pale pale, ni kumkopesha kijana macho ya mzee.

Kuhusu fedha sina mengi. Albert Bender, mfanyabiashara wa bima wa San Francisco, ndiye aliyemsukuma kutoa mkusanyo wa picha 18 uliotoka mwaka huohuo kwa jina la *Parmelian Prints of the High Sierras*, na *Monolith* imo. "Parmelian" ni neno la kubuni, kwa kuwa neno "picha" lilihofiwa kuwafukuza wanunuzi wa sanaa. Na "Sierras" ni wingi juu ya wingi, maana "Sierra" tayari ni safu nzima ya milima, sawa na sisi kusema "mamiti". Adams aliaibika nalo maisha yake yote.

Mwaka 1937 chumba chake cha giza pale Yosemite kilishika moto na negativu nyingi zikateketea. Hiki kioo kiliokoka.

Nilipojaribu

Nilitaka kujua ni kiasi gani cha kisa hiki ni mlima na kiasi gani ni filta, nikajaribu kwa kamera ya inchi 4 kwa 5 na mkanda wa kawaida. Mara ya kwanza ilikuwa pwani, mbuyu mmoja mkubwa, saa nane mchana, filta nyekundu. Anga likatoka kijivu cha majivu ya jikoni. Sababu ni unyevu: hewa ya pwani imejaa mvuke na chumvi, anga lake ni jeupe zaidi ya bluu, na filta haiwezi kuzuia bluu isiyokuwepo. Isitoshe nilisahau kuzidisha muda, kwa hiyo mbuyu wenyewe ulikuwa kivuli cha mbuyu.

Mara ya pili nilipanda Usambara, siku ya baridi baada ya mvua, hewa imeoshwa. Nilichukua mikanda miwili tu. Niliweka kamera mbele ya jabali linalopata jua la ubavu, nikapiga kwanza kwa manjano, kisha kwa nyekundu. Picha ya pili ilitoka na anga zito na vivuli vilivyokwenda chini pamoja nalo, sawasawa na nadharia. Si *Monolith*. Jabali langu ni dogo na mgomba mmoja umechungulia pembeni. Lakini kanuni ilishika.

Nimezitundika zote mbili ukumbini. Wageni wengi huchagua ya manjano, na siwabishii. Mjomba alipokuja, alisimama mbele ya ile nyeusi muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mjomba," akasema, "hii uliipiga usiku?"